Ogani ya bure kutoka Uingereza: tukubali au tukatae?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mpiga kinanda katika parokia moja ya Eastlands hapa Nairobi. Kanisa letu linapanuliwa, na baraza la parokia linapanga harambee ya kununua chombo kipya cha muziki. Muumini wetu anayefanya kazi Uingereza anasema kuna kanisa linafungwa huko, na ogani yao ya mabomba tunaweza kupewa karibu bure mradi tugharimie kuifungua na kuisafirisha. Vijana wa kwaya nao wamenionyesha video za ogani ya Saint-Sulpice, Paris, na wanashikilia kwamba hilo nalo ni kanisa la parokia tu, si kathedrali. Ni kweli? Parokia ilipataje chombo kama kile, na kimedumuje hadi leo? Na sisi hii ya bure tuichukue?

JIBU: Milele na milele, mwalimu. Vijana hawajakudanganya. Saint-Sulpice ni parokia yenye ubatizo, ndoa, mazishi na Misa za Jumapili kama yenu. Kathedrali ya Paris ni Notre-Dame, ile iliyoko kisiwani katikati ya mto Seine. Kinachowachanganya watu ni ukubwa, maana Saint-Sulpice imezidiwa kidogo tu na Notre-Dame. Ndiyo sababu Notre-Dame ilipoungua Aprili 2019 shughuli kubwa zilihamia huko, yakiwemo mazishi ya rais wa zamani Jacques Chirac mwezi Septemba mwaka huohuo. Na yenyewe ilikuwa imeponea chupuchupu: tarehe 17 Machi, mwezi mmoja tu kabla ya moto wa Notre-Dame, mlango wake wa kusini ulishika moto Jumapili mchana.

Kuhusu ogani ya bure, nikupe msimamo wangu mapema ili usome mengine ukijua ninakoelekea. Kwa sasa kataeni. Mabomba ya kupewa hayataisha. Msichokuwa nacho ni mtu wa kukaa na chombo hicho miaka ishirini, na ukiichunguza historia ya Saint-Sulpice utaona kwamba hapo ndipo wenzetu walipofaulu, kuliko hata kwenye fedha.

Fedha, kwa kweli, ziliwatesa. Jiwe la msingi la kanisa la sasa liliwekwa mwaka 1646. Mwaka 1678 kazi ikasimama, mfuko umekauka, na haikuendelea hadi 1719, chini ya paroko aliyeitwa Languet de Gergy. Huyu mngemtaka kwenye kamati yenu ya harambee. Aliendesha bahati nasibu kuchangia ujenzi, na inasimuliwa kwamba akialikwa chakula kwa matajiri alikuwa akiondoka na kijiko au uma wa fedha mfukoni, vyote vikaenda kuyeyushwa kutengeneza sanamu ya Bikira Maria. Hata hivyo kazi haikuisha. Ukiutazama uso wa kanisa hilo leo utaona minara miwili isiyolingana, kwa sababu wa kusini haukumalizwa mpaka kesho. Mwambie mhasibu wenu asijione yuko peke yake.

Muziki ulitangulia jengo. Guillaume-Gabriel Nivers alikuwa akipiga ogani pale tangu miaka ya 1650 mwanzoni, kabla hata kuta hazijakamilika, akaendelea hadi alipofariki 1714. Akafuatwa na Louis-Nicolas Clérambault. Miaka sitini na zaidi mtu mmoja, kisha mwingine aliyekaa zaidi ya thelathini. Kumbuka tarakimu hizo, tutazirudia.

Ogani kubwa ya kwanza katika jengo jipya ilizinduliwa mwaka 1781. Fundi alikuwa François-Henri Clicquot, bingwa wa Ufaransa wa zama zake, na sanduku lake la mbao, lenye nguzo na sanamu kama uso wa hekalu, lilichorwa na Jean Chalgrin, ambaye baadaye ndiye aliyechora lile lango kuu la ushindi la Paris, Arc de Triomphe. Ilikuwa na safu tano za vitufe vya mikono na sauti 64. Ninaposema sauti hapa, usifikirie noti. Ni safu nzima ya mabomba ya aina moja, toka noti ya chini hadi ya juu, ambayo mpigaji huiwasha au kuizima kwa kuvuta kishikizo. Filimbi ni sauti moja, tarumbeta ni sauti nyingine.

Miaka minane baadaye yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Makanisa yakafungwa, mengine yakageuzwa maghala, na ogani nyingi za Ufaransa ziling'olewa mabomba kwa ajili ya risasi na bati yaliyomo. Saint-Sulpice likageuzwa Hekalu la Ushindi. Mnamo 6 Novemba 1799 ikaandaliwa humo karamu ya kumpongeza Jenerali Bonaparte, siku tatu kabla hajatwaa madaraka. Ogani ilibaki. Sehemu nyingi za Ufaransa ogani iliyopona ilipona kwa kuwa ilikuwa na kazi na ilikuwa na mtu: mpigaji aliyejua kuiweka mbele ya wakubwa wapya na kupiga nyimbo zao za kizalendo, akawafanya waione kuwa mali badala ya chuma chakavu. Sijui kama ningekuwa na moyo huo. Lakini matokeo yake ndiyo haya, mabomba ya Clicquot bado yanalia.

Sasa tufike kwa yule aliyewavutia vijana wako. Aristide Cavaillé-Coll alizaliwa Montpellier mwaka 1811 katika ukoo wa mafundi wa ogani. Alifika Paris mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 22, akashinda zabuni ya ogani ya Saint-Denis, kanisa walimozikwa wafalme wa Ufaransa. Parokia ya Saint-Sulpice ilimpa kazi mwaka 1857, baada ya mafundi wengine kuigusagusa ogani ya Clicquot kwa miaka mingi bila kumridhisha mtu. Akaikamilisha mwaka 1862: sauti 100, mabomba karibu 7,000, safu tano za vitufe vya mikono na moja ya miguu. Wakati huo ogani za ukubwa huo Ulaya nzima zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Angalia alichokifanya na kile cha zamani. Huyu alikuwa fundi mwenye jina na mawazo mapya kichwani, na mtindo wa muziki ulikuwa umebadilika kabisa tangu 1781. Kila mtu angemwelewa kama angeyeyusha vyote aanze upya. Badala yake aliacha sanduku la Chalgrin lisimame palepale, akachukua sehemu kubwa ya mabomba ya Clicquot, akayapanga ndani ya chombo chake na kuyaongezea ya kwake. Kwa hiyo unachosikia kwenye zile video ni karne mbili zinazoimba pamoja. Sauti za tarumbeta zenye ukali unaokata ni za shule ya Clicquot. Ule uzito unaopanda polepole kama mvua inayokuja kutoka upande wa Ngong ni Cavaillé-Coll.

Ogani kubwa hivyo ilikuwa na tatizo moja la kimwili. Kila kitufe kinafungua vali chini ya mabomba, na upepo unaizuia vali isifunguke. Ukiunganisha safu kadhaa za vitufe, kidole kimoja kinalazimika kufungua vali nyingi kwa mpigo, na mpigaji anatoka jasho kabla ya kufika Gloria. Ufumbuzi ulikuwa mashine ya Mwingereza Charles Barker, aliyekataliwa kwao akahamia Paris: kila kitufe kinafungua mvukuto mdogo, na mvukuto huo, ukijaa upepo, ndio unaovuta ule mzigo. Mashine hizo bado zinafanya kazi Saint-Sulpice hadi leo. Kuanzia kitufe hadi vali, hakuna umeme. Umeme unazungusha feni ya kupeleka upepo tu, na feni hiyo yenyewe iliingia katika karne ya 20. Kabla ya hapo walikuwa watu, wakikanyaga mivukuto nyuma ya sanduku Misa nzima.

Barker huyohuyo ana kisa kingine ambacho wanaofanya kazi ndani ya ogani hatukisahau. Desemba 1844 aliingia na mshumaa ndani ya ogani mpya ya Saint-Eustache, parokia nyingine ya Paris, kurekebisha kasoro ndogo. Mshumaa ukamponyoka. Ogani yote ikateketea.

Turudi kwa watu, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Mwaka 1870, Januari, Saint-Sulpice ilimchukua kijana wa miaka 25 kutoka Lyon, Charles-Marie Widor, kwa muda wa mwaka mmoja tu wa majaribio. Wakubwa wengine wa muziki hawakufurahi kuona kijana kapewa kiti kile. Mwaka ukaisha, hakuna aliyemwambia aondoke wala aliyemthibitisha, akaendelea kupanda ngazi kila Jumapili. Aliachia ngazi mwishoni mwa 1933 akiwa na miaka 89. Kibarua wa muda aliyekaa miaka 64! Alizikwa chini ya kanisa lilelile mwaka 1937. Ile Toccata inayopigwa bibi harusi anapotoka kanisani, hata hapa Nairobi, tena mara nyingi kwa kasi ya kipumbavu, ni yake, na aliitunga kwa ajili ya ogani ile na mwangwi wa jengo lile. Ndiyo maana ikipigwa kwenye kinanda cha umeme ndani ya ukumbi wenye dari ya mabati inageuka kelele.

Pale mbele, karibu na altare, kuna ogani ya pili ndogo, nayo ya Cavaillé-Coll, kwa ajili ya kusindikiza kwaya. Katika miaka ya 1870 mwanzoni aliyekaa hapo alikuwa Gabriel Fauré, na inajulikana kwamba yeye na Widor walikuwa wakichokozana Misa ikiendelea: mmoja anatupa wimbo kutoka juu nyuma, mwenzake anaujibu kutoka mbele akiugeuza, kila mmoja akijaribu kumkwamisha mwingine. Mapadre wa pale walikuwa na uvumilivu ambao Baba Paroko wenu sidhani kama anao.

Aliyemrithi Widor ni Marcel Dupré, aliyekuwa msaidizi wake tangu 1906. Alipiga hadi 1971, akafariki Jumapili ya Pentekoste mwaka huo, akiwa ametoka kupiga Misa asubuhi. Sasa fanya hesabu: kutoka Januari 1870 hadi Mei 1971, miaka zaidi ya mia moja, parokia ile ilikuwa na wapiga ogani wakuu wawili. Na katika karne hiyohiyo, ogani nyingi za Ufaransa zilibomolewa na kutengenezwa upya kufuata fasheni. Walioona sauti za karne ya 19 ni nzito mno walizikatakata wapate mlio mwembamba, wengine wakaondoa mitambo ya mbao na kuingiza nyaya za umeme. Hata ya Notre-Dame ilibadilishwa sana katika miaka ya 1960. Ya Saint-Sulpice haikuguswa kwa sababu kila fundi mwenye wazo zuri alilazimika kwanza kumpita mzee mmoja mkaidi aliyekuwa amekaa pale kabla yeye hajazaliwa. Dupré aliruhusu nyongeza ya sauti mbili za miguu, zikafika 102, basi. Ukarabati mkubwa wa kati ya 1988 na 1991 ulilenga kuirudishia afya, si kuibadilisha tabia. Daniel Roth akaikalia tangu 1985 hadi 2023.

Nakiri kuna jambo moja linalowasaidia ambalo sisi hatuna. Kwa sheria ya Ufaransa ya 1905, makanisa yaliyojengwa kabla ya hapo ni mali ya umma, na Saint-Sulpice ni ya Jiji la Paris. Ogani imo humo. Kwetu, bomba likioza, ni kapu la sadaka na jumuiya ndogondogo.

Historia ya kwetu ni fupi, na ina bahati mbaya ya wakati. Cavaillé-Coll alifariki 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi na mapadre wa Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya St. Austin's, huko ambako leo tunaita Lavington. Mapadre hao wengi walikuwa Wafaransa, kwa hiyo ungetarajia waje na ogani. Lakini misheni ya porini inabeba kinachobebeka, nacho kilikuwa harmoniamu, kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilichosajiliwa Paris na fundi Debain mwaka 1842. Hakina mabomba. Kina ndimi za shaba ndani, na kinaingia kwenye gari la ng'ombe. Waafrika wengi Wakatoliki wa kizazi cha kwanza walijifunza nyimbo zao kwa mlio huo.

Kanisa kubwa la Familia Takatifu katikati ya jiji, lile ambalo tangu 1982 ni basilika, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ramani ya mwanamke, Dorothy Hughes. Wazee wanalikumbuka kwa Misa ya kumwombea Tom Mboya, Julai 1969, umati ukiwa umefurika barabarani na vurumai ikazuka nje. Tazama tarehe za ujenzi. Ndiyo miaka ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na Desemba 1963, mwezi wa uhuru wetu, Mtaguso ulitoa hati ya liturujia ambayo katika kifungu cha 120 inaipa ogani ya mabomba heshima ya pekee, kisha papo hapo inaruhusu vyombo vingine vinavyofaa. Kwetu nusu ya pili ndiyo iliyoshika moto: kayamba, ngoma, chivoti, kisha kinanda cha umeme kikaja na kufunika pengo lililobaki. Sioni aibu yoyote hapo. Kwaya zetu zinaimba kwa sauti nne bila nota mbele, na ukitaka kusikia Ufaransa parokia nzima ikiimba hivyo utatembea sana. Waanglikana wa All Saints wanayo ogani ya mabomba. Nenda ukaisikilize Jumapili moja, usikae mbele, kaa katikati, utajua upesi tofauti yake na spika.

Sasa ya kwenu. Nitaanza na hali ya hewa kwa sababu hakuna atakayewaambia huko Uingereza. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yetu ni nyepesi, kama nne ya tano ya ile ya pwani. Feni iliyopimwa kwa hewa nzito ya Uingereza ikizungushwa hapa itasukuma upepo wenye shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano. Mabomba yatalia, lakini kinyonge, na yale ya ulimi, yaani yanayolia kwa ulimi mwembamba unaotetemeka ndani, yatakataa au yatachelewa kuitika. Kuna dawa, feni kubwa zaidi au kasi zaidi, ila iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Tena uliza mota ni ya fezi ngapi. Nyingi ni za fezi tatu, na sidhani kanisa lenu lina stima hiyo. Stima ikipotea katikati ya Misa, ogani inashusha pumzi na kunyamaza, hivyo bado kinanda kidogo cha betri kitahitajika pembeni.

Joto nalo. Sauti husafiri upesi zaidi hewa ikipata joto, kwa hiyo bomba la filimbi hupanda sauti jua likipanda. Kanisa likiongezeka digrii 6 kutoka Misa ya kwanza hadi ya saa tano, noti ya "la" yenye mitetemo 440 kwa sekunde inakwenda karibu 445. Lakini mabomba ya ulimi hayapandi hivyo, ndimi zake ni za chuma, zinabaki karibu palepale. Matokeo ni kwamba ogani iliyolingana vizuri asubuhi inagombana yenyewe mchana. Saint-Sulpice kuta ni nene za mawe na hewa ndani hubadilika polepole. Ninyi mna mabati juu na madirisha ya vioo pande zote mbili. Na Januari na Februari ukame wetu unapasua mbao. Nyufa kwenye sanduku la upepo, yaani lile kasha ambalo mabomba yamesimama juu yake, hufanya upepo wa noti moja kuvujia noti ya jirani, na unaanza kusikia mizimu: sauti nyembamba zinazolia bila kuguswa.

Nikueleze kitu kimoja kwa karibu, uone kazi yenyewe ilivyo. Tatizo la kawaida kuliko yote ni noti inayoganda. Kasisi ameinua Ekaristi, kimya kimetanda, na ogani inaanza kulia noti moja, peke yake, haikomi. Chanzo mara nyingi ni chembe ya vumbi au kipande cha unga wa mbao kilichokaa kati ya vali na tundu lake, pengine hakizidi punje ya chumvi. Mpigaji anayekijua chombo chake anasikia mara moja ni safu ipi, anarudisha kishikizo kimoja, kimya kinarudi. Asiyejua anazima mota, na ogani nzima inashuka kwa mlio wa kuhuzunisha ambao kila mtu kanisani atausikia. Misa ikiisha, fundi anafungua ubao wa mbele wa sanduku la upepo, anaivuta vali kwa kidole, anapitisha kipande cha kadi safi juu ya ngozi iliyobandikwa kwenye vali na kuiachia. Dakika kumi. Lakini awe yupo, awe anajua ni vali gani kati ya mia kadhaa, na panya wawe hawajaila ile ngozi. Hapa Nairobi mafundi wa kazi hiyo ni wachache mno. Mkimtegemea wa kutoka nje, nauli yake peke yake ni kwaresima.

Ndiyo maana nasema mtu kwanza. Najua ogani moja katika mji mmoja wa Afrika Mashariki iliyofika ndani ya masanduku, ikapokelewa kwa vigelegele, na bado iko ghalani imefunikwa turubai. Aliyeipigia mbio alihamishwa, na hakuna mwingine aliyejua ipi ianze. Linganisha na Albert Schweitzer, mwanafunzi wa Widor, aliyekuja Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 kuwa daktari. Alipewa na Chama cha Bach cha Paris piano yenye kanyagio za ogani, iliyowekewa bati la zinki ndani kwa sababu ya unyevu na mchwa. Ilidumu msituni kwa kuwa aliyeipiga kila usiku alilala chumba cha pili.

Ningekuwa kwenye baraza lenu, fedha za harambee ningezigawa hivi. Nunueni ogani ya umeme ya heshima, yenye safu mbili za mikono na safu kamili ya miguu, pamoja na spika nzuri zilizopangwa na mtu anayejua sauti. Safu ya miguu msiiache kwa sababu ya bei, bila hiyo hamfundishi mpiga ogani, mnafundisha mpiga kinanda mwingine. Kisha muwateue vijana wawili, si mmoja, na muwalipe. Sisemi bahasha ya Krismasi na soda. Mshahara mdogo ulioandikwa, wa kila mwezi, na saa za mazoezi kanisani ambazo hakuna mkutano wa jumuiya utakaowafukuza. Mmoja wao apende kushika bisibisi. Mkiwa nao bado baada ya miaka mitano, tafuteni ogani ya mabomba. Makanisa ya Ulaya yanayofungwa yapo kila mwaka, na ogani zao hazina pa kwenda, kwa hiyo asiwatishe mtu kwamba nafasi hii haitarudi.

Na wakati huo mtafute ndogo. Sauti nane hadi kumi na mbili, yenye mitambo ya mbao moja kwa moja kutoka kitufe hadi vali, inatosha kanisa la watu mia nane wakiimba. Zile zenye mivukuto midogo ya ngozi kwa kila noti, na nyaya za umeme wa zamani, zikwepeni hata kama wanawaongezea pesa mzichukue. Ngozi ile hukauka na kupasuka, na hapa itapasuka upesi zaidi.

Ikiwa baraza litashikilia kuichukua hii, msisaini chochote kabla ndugu yenu hajanitumia vitu vinne: picha ya kibao chenye jina la fundi na mwaka, picha za ndani ya sanduku zikionyesha njia ya kutoka kwenye vitufe hadi kwenye vali, urefu wa bomba refu kuliko yote, na tarehe ngozi zilipobadilishwa mara ya mwisho. Wewe nipimie kimo kutoka sakafu ya roshani mpya hadi dari. Bomba la kawaida la noti ya chini lina urefu wa mita 2.4, na bado kuna mguu wake na sanduku la upepo chini. Roshani ikiwa chini ya mita 4, mwambieni asante sana, na mazungumzo yaishie hapo.